UZI: Baba ana Parkinson. Tulimkalisha kwa huruma, mazoezi yakamwinua

BintiWaKarani (Nakuru)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Wanajamvi, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu. Leo naandika, na nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Baba yangu ana miaka 68. Alikuwa karani wa reli hapa Nakuru hadi alipostaafu, mtu wa hatua za haraka na mwandiko wa kupendeza. Mwandiko ndio uliotangulia kusema. Ana daftari la matumizi ya nyumba: maziwa, stima, mkate, mchango wa harusi. Ukifungua kurasa za 2019, herufi zimejaa mstari. Ukisonga mbele zinaanza kusinyaa, na kufikia 2022 ni kama msafara wa sisimizi, mwisho wa mstari husomi kitu. Tulidhani ni macho, tukamnunulia miwani mipya.

Yapo mengine tuliyoyaona bila kuyaona. Maziwa yalifurika jikoni yeye akiwa amekaa hapo hapo, na hakusikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa akiamshwa na mateke, baba anapigana na watu ndotoni. Mkono wa kulia ukaacha kupunga anapotembea. Bega likakaza. Hospitali ya kwanza ilisema ni uzee. Ya pili ilimpa dawa za baridi yabisi. Jirani naye akamnong'oneza mama kwamba hapo kuna mkono wa mtu, atafutiwe maombi. Tulizunguka hivyo mwaka mmoja na nusu.

Daktari wa neva tuliyempata mwishowe hakuanza na mashine. Alimwambia baba agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, kisha atembee hadi mlangoni na kurudi, halafu akasimama nyuma yake na kumvuta mabega ghafla. Baba alirudi kinyumenyume hatua nne, daktari akamdaka. Akatuambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo.

Dawa ya levodopa ilimsaidia kwelikweli, sitaki mtu adhani naidharau. Kosa letu lilikuwa nyumbani. Tulimpenda vibaya. Tulimletea kila kitu kitini. Miezi minane baadaye alikuwa hawezi kuinuka bila watu wawili, na siku aliyojaribu peke yake alianguka bafuni, paji la uso likashonwa nyuzi tano.

Ndipo tukapelekwa kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Alituuliza, mimi na mama: "Jana mzee alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe?" Tukatazamana. Nguo nilimvisha mimi. Vifungo alifunga mama. Uji alinyweshwa kwa kijiko kwa sababu kikombe kilikuwa kinamwagika. Viatu alivalishwa na mjukuu. Chooni tulimsindikiza tumemshika makwapa. Fizio hakutugombeza. Alisema tu, "Basi jana mazoezi yake mliyafanya nyinyi."

Sijasahau hiyo sentensi.

Tulianza na kiti cha plastiki kilichoegemezwa ukutani. Miguu nyuma kidogo, pua ivuke vidole vya miguu, ndipo unyanyuke. Siku ya kwanza aliweza mara 3. Sasa anafanya 15, anapumzika, kisha 15 tena. Sakafuni mwa korido nimebandika vipande vya selotepu nyeupe vya kuvuka, kila kimoja hatua moja ya mtu mzima kutoka kwa kingine, na mlangoni mwa choo vipande vitatu maana pale ndipo miguu ilikuwa inaganda. Madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya lita tatu tumeyajaza maji, ndiyo vyuma vyake vya kunyanyua. Na siku tano kwa wiki, saa nne asubuhi wakati dawa imeshika, tunatembea dakika 30 kwenye barabara za Milimani chini ya mijakaranda. Hatutembei kama watu wa matembezi. Anahema, jasho linamtoka, ukimuuliza kitu anakujibu kwa maneno mawili matatu.

Shati lake lina vifungo saba. Mara ya kwanza nilimpima kwa saa: dakika 11. Nilikalia mikono yangu nisije nikamsaidia, na mama aliondoka chumbani kwa sababu hakuweza kutazama. Sasa siku nzuri ni dakika 5.

Hajapona. Mkono bado unatetemeka, na kuna asubuhi ambazo hata kugeuka kitandani ni vita. Lakini anakwenda chooni mwenyewe, anajivalisha, ameanza tena kuandika daftari lake. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye mzazi wake ameambiwa wiki hii na ameshawekewa mto mgongoni. Mtoeni huo mto.

Kaka_Bondeni (Nakuru)
Jumapili, saa 3:25 usiku

Pole na hongera, dada. Ila nina swali la heshima kabisa. Mtu anakaribia miaka sabini, amefanya kazi, amesomesha, amezika wazazi wake. Kwetu mzee wa umri huo anawekewa kiti kivulini, watu wanakuja kumsalimia. Baba yangu mdogo kule Bahati ana ugonjwa huo huo, na nikimwona anavyohangaika kusimama roho inaniuma. Si afadhali tumpe amani yake badala ya kumkimbiza kama kuruta?

FizioMtaani (Kisumu)
Jumapili, saa 4:10 usiku

Ndugu, swali lako nalisikia kila wiki, na linatoka mahali pazuri. Nimefanya kazi na wagonjwa wa neva miaka kadhaa huku Kisumu, acha nikujibu kwa ninayoyajua.

Ndani ya ubongo kuna kundi la seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inayoufanya mwili uende wenyewe: kupunga mikono, kupiga hatua ya urefu unaofaa, kugeuka, kutabasamu. Kwenye Parkinson seli hizo zinakufa polepole, na dalili zinapoonekana, sehemu kubwa imeshakwenda. Mgonjwa anapopiga hatua fupi, yeye mwenyewe anahisi amepiga hatua kamili. Ubongo unampimia kipimo kidogo na kumwambia kimetosha. Ndiyo maana mwandiko unasinyaa, sauti inafifia, uso unakauka.

Sasa huyo mtu mweke kitini. Misuli ya mapaja inakonda, mgongo unapinda, vifundo vinakaza, choo kinafunga, usingizi wa usiku unaharibika. Baada ya mwaka huwezi kutenganisha kilicholetwa na Parkinson na kilicholetwa na kiti. Kiti ni ugonjwa wa pili, na huo wa pili unazuilika.

Ushahidi nao upo wa kutosha. Marekani walichukua watu 128 waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa, ambao hawajaanza dawa, na matokeo yalitolewa 2018. Kundi moja lilitembea kwenye mashine kwa nguvu hasa, moyo ukidunda asilimia 80 hadi 85 ya kiwango chake cha juu. La pili lilifanya asilimia 60 hadi 65. La tatu likaendelea na maisha yake. Baada ya miezi sita, waliobaki kama kawaida dalili zao za mwendo zilikuwa zimeongezeka kwa takriban alama 3 kwenye kipimo cha madaktari, ambapo alama zikipanda hali ni mbaya zaidi. Wale wa nguvu walikuwa karibu pale pale walipoanzia. Uholanzi nako, 2019, watu 130 walipewa baiskeli za kukanyagia nyumbani, mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 45. Miezi sita baadaye walikuwa na nafuu ya alama 4 hivi kuliko wenzao waliokuwa wakijinyoosha tu, na walipimwa kabla ya kumeza dawa.

Kwa hiyo kumkimbiza kidogo kuna maana, ila si kama kuruta. Kwanza apimwe moyo na presha. Mtu anayemeza dawa za kupunguza mapigo ya moyo asitumie hesabu za mapigo, atumie pumzi: anaweza kusema maneno machache lakini hawezi kuimba. Hicho ndicho kiwango.

Nisiahidi zaidi ya ninachokijua. Hakuna mazoezi yaliyothibitishwa kuzuia seli zisife. Kilichothibitishwa ni kwamba anayefanya mazoezi anatembea vizuri zaidi na anaishi vizuri zaidi na ugonjwa wake. Mwaka 2023 yalikusanywa majaribio 156 yenye watu karibu 8,000, na aina nyingi za mazoezi zilionekana kusaidia, bila tofauti kubwa kati ya hii na ile. Kwa hiyo mtu asikuambie huwezi kitu bila mashine ya laki mbili. Bora zoezi ni lile ambalo mzee ataamka kulifanya na kesho pia.

Nyar_Ahero (Ahero)
Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Asante daktari. Mimi namlea mama, miaka 63. Yeye hakai kabisa. Yuko shambani kwenye mpunga kila siku, ameinama tangu alfajiri. Lakini anazidi kukaza na mgongo umepinda kama upinde. Kama mazoezi ni dawa, kwa nini yeye hasaidiki?

FizioMtaani
Jumatatu, saa 1:35 asubuhi

Niite fizio tu, dadangu. Mama namheshimu sana kwa kutokukaa, mwambie hivyo. Lakini angalia umbo la kazi yenyewe. Kupanda mpunga ni kuinama, mikono karibu na mwili, hatua fupi kwenye tope, saa nyingi kwa mwendo mmoja. Parkinson nayo inamvuta mtu huko huko: kuinama, kujikunja, kufupisha. Kazi yake inaufundisha mwili kile ambacho ugonjwa unataka.

Anahitaji kinyume chake dakika 20 kila siku. Asimame mgongo na kisogo vikigusa ukuta, ainue mikono juu mpaka viwiko viguse ukuta. Akiwa amekaa, afungue mikono kama anayemkumbatia mgeni aliyetoka mbali, vidole vimetanuka kabisa, ahesabu hadi kumi kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Hatua kubwa mbele, mkono wa pili ukipunga. Kila kitu kikubwa kupita anavyodhani ni kawaida. Akikuambia "naona aibu, nimezidisha," ujue hapo ndipo penyewe. Kuna mafunzo rasmi ya namna hii, saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki nne, jumla vipindi 16. Ukipata fizio anayeyajua, nenda. Usipompata, anza na ukuta.

Na apumzike mgongo kila baada ya mstari mmoja wa mpunga. Asimame, ajinyooshe, atazame mbali.

MambaYaKibos (Kisumu)
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Naomba nami nichangie, nikiwa mgonjwa mwenyewe. Nina miaka 59, mwaka wa sita na ugonjwa huu.

Nililelewa na baiskeli. Kabla ya pikipiki, boda boda zilikuwa baiskeli, zilianzia mpakani Busia, na mimi ujana wangu nilibebea watu na magunia ya omena kwa Black Mamba. Sasa sikieni ajabu. Kuna siku miguu yangu inagoma kabisa mlangoni, kana kwamba imemiminiwa saruji. Lakini nikishikiliwa nikapanda baiskeli, naendesha kama kijana. Watoto wangu walidhani najifanya. Dada wa mke wangu alisema waziwazi kwamba nawasumbua watu kwa makusudi. Iliniumiza sana.

Fizio wa kliniki alinieleza kwamba madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa kama mimi mwaka 2010, mtu aliyeshindwa kutembea hatua chache bila kuanguka lakini akaendesha baiskeli vizuri kabisa. Siku niliyoambiwa hivyo nilirudi nyumbani nikawaita wote sebuleni nikawaambia. Mke wangu alilia.

Barabarani siendi tena. Kusimama na kushuka ndiko kunakoangusha, na malori ya barabara ya Kibos hayana huruma. Nilimpelekea fundi wa jua kali baiskeli yangu, akanichomea stendi mbili za chuma zinazoinua gurudumu la nyuma, mbele kukawekwa kipande cha mbao chenye mfereji ili usukani usicheze. Shilingi 1,800. Imekaa verandani. Nakanyaga dakika 40, mara nne kwa wiki. Nikitaka iwe nzito, mtoto anaikaza breki kidogo. Wiki ya kwanza niliweza dakika 6.

BintiWaKarani
Jumatatu, saa 1:05 jioni

Mzee wangu wa Kibos, hapo pa kudhaniwa unajifanya pamenigusa. Hata sisi tulimwambia baba "mbona jana uliweza?" Mara nyingi. Namwomba Mungu anisamehe kwa hilo. Dawa ikishika anaweza, ikiisha nguvu hawezi, mtu yule yule, saa mbili tofauti.

Shangazi_Webuye (Webuye)
Jumatatu, saa 2:20 usiku

Watoto wangu, mimi naishi peke yangu na Parkinson. Miaka 71. Nimeanguka mara tatu, na zote tatu nilikuwa nageuka. Sikuanguka nikienda mbele hata siku moja. Sufuria mkononi, mtu ananiita kutoka mlangoni, nageuka ghafla, miguu inabaki nyuma.

Yaliyonisaidia ni haya. Sigeuki papo hapo, nazunguka kama gari linalotafuta nafasi, hatua ndogo za juu, moja, mbili, tatu, nne. Sibebi kitu nikitembea, nimeshona kimkoba naning'iniza shingoni. Simu ikilia nasimama kwanza ndipo nijibu. Na miguu ikiganda sisukumani nayo. Nasimama, navuta pumzi, nahamishia uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia, nachagua kitu cha kuvuka, hata kama ni kivuli cha mlango, ndipo naenda. Ukimkuta mzazi ameganda, usimvute mkono. Ukimvuta, kichwa kinakuja, miguu haiji.

Hofu ya kuanguka ilikuwa imeniweka ndani miezi mitano. Mjukuu akanifundisha kusimama mguu mmoja nikishika sinki, kila nikipiga mswaki. Nilianza na sekunde mbili.

FizioMtaani
Jumatatu, saa 3:00 usiku

Shangazi, shikamoo. Umefundisha darasa zima.

Niongeze kimoja. Mwili unaweza kufundishwa kujisawazisha usianguke. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ya Marekani yenye watu 195, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya tai chi, ile michezo ya Kichina ya mwendo wa polepole wa kuhamisha uzito, walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Siwaambii mtafute mwalimu wa Kichina. Kuhamisha uzito taratibu kutoka mguu hadi mguu, magoti yamelegea, sinki au meza nzito ikiwa karibu, ndiyo maana yake hasa.

Na wanaoona kizunguzungu wakisimama: presha inashuka ghafla, ni ya ugonjwa huu na pia ya dawa zake. Keti ukingoni mwa kitanda dakika moja, piga miguu chini, ndipo usimame. Mwambie daktari.

Mwalimu_Lugari (Lugari)
Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Nina maswali mawili, mke wangu ndiye mgonjwa. Kuna mtu anauza unga wa mbegu za upupu hapa sokoni, anasema ndiyo dawa yenyewe ya asili na tuache vidonge. Ni kweli au ni wizi? La pili, mke wangu akitembea baada ya chakula cha mchana anachoka na kukaza kabisa, lakini asubuhi yuko sawa. Chakula kinamdhuru?

FizioMtaani
Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Mwalimu, upupu kweli una levodopa ndani yake, dawa ile ile iliyo kwenye vidonge, si uongo. Shida ni kipimo. Kidonge kimepimwa na kina kemikali ya pili inayoilinda levodopa isitumike njiani kabla ya kufika kichwani. Kijiko cha unga wa sokoni hujui kina kiasi gani, leo kidogo, kesho mara tatu. Na kuacha vidonge ghafla ni hatari hasa, mtu anaweza kukaza mwili mzima na kupata homa kali akaishia wodini. Asiache. Kama mnataka kuuliza habari za upupu, mwulizeni daktari anayempa dawa, kabla ya kuuweka kinywani.

La pili ni zuri sana. Alikula nini?

Mwalimu_Lugari
Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Ugali, maharagwe, na nyama siku ikiwepo. Kidonge cha mchana anameza akiwa na chakula ili kisimchome tumbo.

FizioMtaani
Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Ndiyo hapo. Protini ya maharagwe, nyama, samaki, maziwa, inagombania mlango mmoja na levodopa kuingia mwilini. Huku kwetu Kisumu ni samaki na omena, hadithi ni hiyo hiyo. Kidonge akimeze nusu saa kabla ya chakula, au angalau saa moja baada ya kula. Tumbo likisumbua, kipande kidogo cha muhogo au kiazi kinatosha. Protini asiache, anaihitaji kwa misuli, wengi hujiwekea sehemu kubwa usiku. Mzungumze na daktari wenu juu ya saa. Halafu mazoezi yawekwe pale dawa ilipo juu. Ukimtoa mtu matembezini dawa ikiwa imeisha, unamfundisha mwili wake kukata tamaa.

Kaka_Bondeni
Jumanne, saa 3:30 usiku

Nimesoma uzi wote mara mbili. Leo nilikwenda Bahati kumwona baba mdogo. Nimeona kweli mapaja yamekwisha, suruali inaelea. Lakini hataki. Nikimwambia simama, ananitazama tu. Zamani alikuwa mtu wa maneno na vicheko, sasa hata mpira hatazami. Mke wake anasema amekuwa mvivu.

Shangazi_Webuye
Jumanne, saa 3:55 usiku

Mwanangu, mwambie mke wake kwamba huo si uvivu. Mimi nilikaa wiki nzima nikitazama kikapu cha nguo chafu, nataka kukiinua na sitaki, sijui nikueleze vipi. Moto wenyewe wa kutaka ndio unaozimika.

FizioMtaani
Jumanne, saa 4:20 usiku

Dopamini ndiyo ya mwendo na ndiyo ya hamu. Huzuni na kupoa kwa hamu ni dalili za ugonjwa kama kutetemeka kulivyo dalili, na pana matibabu, kwa hiyo liambieni jambo hilo kliniki. Usingoje apate hamu ndipo aanze. Mpe saa isiyobadilika, mtu wa kufanya naye, na kazi ndogo yenye mwisho. "Mazoezi" ni neno zito kwake. "Baba, twende hadi kwa fundi viatu" ni jepesi.

Kaka_Bondeni
Jumanne, saa 4:31 usiku

Nitakuwa nakwenda Jumamosi na Jumatano. Kiti cha plastiki kipo.

BintiWaKarani
Jumatano, saa 3:05 asubuhi

Kaka, Mungu akubariki. Acha niwape kimoja nilichokuwa nimekisahau, labda kitamfaa na baba mdogo.

Sisi asili yetu ni Shinyalu. Desemba iliyopita tulimpeleka baba nyumbani kwenye harusi ya binamu. Langoni pale kuna mtelemko wa mawe, akaganda. Watu nyuma yetu, gari linapiga honi, nami natafuta kitu cha kumwekea mbele ya mguu. Wakati huo wapiga Isukuti wakatokea barabarani, ngoma tatu, ile kubwa, ya kati na ndogo, na filimbi. Ni ngoma yetu Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma kubwa ilipofika usawa wetu baba alitikisa bega. Bega lile lile lililokaza. Kisha mguu wa kulia ukaondoka, wa kushoto ukafuata, na akapita lango lile akikanyaga juu ya mdundo hadi kwenye turubai. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Hawakujua wanashangilia nini, mimi nilijua.

Fizio alinieleza kwamba mdundo kutoka nje unashika kazi ya saa ya ndani iliyoharibika, na kwamba nichague mdundo wa haraka kidogo tu kuliko mwendo wake wa kawaida, nisimkimbize. Nilirekodi ngoma hizo kwa simu. Siku hizi tunatembea Milimani simu ikiwa mfukoni mwa shati lake, watu wanageuka kutuangalia, naye anainua magoti.

Nyar_Ahero
Jumatano, saa 3:20 asubuhi

Dada, naomba unitumie hiyo sauti. Mama ni mtu wa ohangla, ngoma yetu Waluo, nitamtafutia na yake, lakini nianze na hiyo. Jana alisimama ukutani. Kisogo kimebakiza vidole vinne kugusa.

BintiWaKarani
Jumatano, saa 3:52 asubuhi

Nakutumia jioni, mama. Pima vidole hivyo kila Jumatano uandike mahali.

Naondoka, saa nne inagonga na dawa imeshika. Baba ameshasimama mlangoni, kofia kichwani. Vifungo vyote saba amefunga mwenyewe, kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Nimekiacha hivyo hivyo.